Mto Mwembamba Kuliko Sio



Sisi ni madada wawili, wazaliwa wa Sio Port, mji mdogo wa wavuvi ulioko kando ya Ziwa Viktoria katika kaunti ya Busia. Asili yetu kwa baba ni Mombasa. Marehemu alikuwa fundi wa mashua. Alikuja huku bara kutafuta riziki, akaoa Msamia, na huku ndiko alikozikwa. Jarida hili hutufikia kwa mkono wa jamaa wanaotoka Pwani, na tumezoea kusoma nasaha za wengine. Leo tumeona tutoe yetu, kwani yaliyotupata yanaweza kuifikia nyumba yoyote yenye kijana asiye na kazi na simu mkononi.

Kwetu sisi kuvuka mpaka ni jambo la kila siku. Asubuhi mashua huondoka ufukoni zikielekea Majanji, upande wa Uganda, zimebeba abiria, magunia na kuku. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Akifiwa mtu ng'ambo tunavuka kwenda kumpa pole, akiolewa tunavuka kwenda kumpigia vigelegele. Busia mjini na Malaba hali ni hiyo hiyo. Neno bodaboda, ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa katika mipaka hii, kwa vijana waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa pekee. Aliyelelewa katika mazingira haya huuona mpaka kama kizingiti cha mlango tu. Mazoea hayo ndiyo yaliyotuponza.

Dada yetu wa tatu alifariki akatuachia mwanawe wa kiume angali mdogo. Tulimlea pamoja na watoto wetu. Mmoja wetu akimwita mama mkubwa, mwingine mama mdogo, na hatukumbuki siku aliyotuvunjia heshima. Alimaliza shule, akasomea kompyuta katika chuo cha Busia, kisha akakaa miaka miwili bila ya kazi. Alikuwa akitusaidia kuanika omena na kuwatengenezea watu simu. Hatukumlaumu kwa kukosa kazi, lakini twakiri kuwa pengine tuliguna mbele yake pale unga ulipokwisha.

Katikati ya mwaka 2024, baada ya Idi ya kuchinja, alitujia na habari njema. Mtu aliyefahamiana naye kwenye simu alikuwa amempatia kazi Bangkok, mji mkuu wa Thailand. Kazi yenyewe, alisema, ni ya kujibu wateja wa kampuni kwa kompyuta. Mshahara ulikuwa mara nyingi ya ule ambao mwalimu wa hapa kwetu anaupata. Tiketi ingelipwa na mwajiri, malazi yangetolewa na mwajiri, na alichotakiwa kufanya ni kuwa na pasipoti na kuwa tayari.

Siku ile tulimuuliza swali moja tu: ni shilingi ngapi kwa mwezi? Alipotaja, tulishukuru, tukaita majirani, tukapika pilau. Hatukuuliza jina la kampuni. Hatukuuliza mkataba uko wapi. Hatukuuliza kwa nini mwajiri wa mbali hivyo amlipie nauli kijana ambaye hajamwona. Tulikuwa na paa linalovuja, na deni dukani, na kwa yakini tulichoka kuulizwa na watu, "Mwanenu anafanya nini siku hizi?" Mwenye haja haoni haya, na sisi haja yetu ilitufumba macho.

Dalili ya kwanza ilikuja mapema, tukaipita. Wakala alimwagiza avuke Malaba, aende hadi Entebbe, na kutoka hapo apande ndege. Mtu wa Sio Port anajua kwamba Busia iko karibu, na Malaba iko mbele zaidi. Mtu wa Kenya anajua kwamba Nairobi kuna uwanja wa ndege. Tulipouliza, jibu lilikuwa kwamba tiketi za Entebbe ni nafuu na kwamba Nairobi maofisa wana maswali mengi. Neno hilo la mwisho lilitosha kutuamsha. Msafiri wa halali hana sababu ya kuyakimbia maswali, na mawakala wa biashara hii wamezoea kuwapitisha vijana nchi jirani ili wasitazamwe kwa makini. Lakini hayo tumeyajua baadaye. Siku ile tulimsomea dua ya safari, tukamfungia samaki wa kukaanga, tukamsindikiza hadi kituo cha matatu, na mama mdogo akamtilia shilingi elfu mbili mfukoni.

Alitupigia alipofika Bangkok. Alisema mji ni mkubwa na joto lake ni kama la Mombasa. Kisha simu ikanyamaza kwa siku kumi na saba.

Mengine tumesimuliwa naye mwenyewe alipokwisha kurudi, tena kwa vipande. Alipokewa uwanjani na dereva aliyekuwa na picha yake. Badala ya kupelekwa mjini, gari lilitoka nje ya mji likaenda usiku kucha. Walibadilisha gari mara mbili. Alipouliza, aliambiwa ofisi imehamia tawi jingine. Kabla ya alfajiri walifika ukingo wa mto, wakashushwa, wakaingizwa kwenye boti ndogo pamoja na vijana wengine, wakavushwa kwa dakika chache.

"Mama," alituambia, "mto ule ni mwembamba kuliko Sio. Nilipotazama sikuona ofisa, sikuona mhuri, sikuona bendera. Mimi ni mtu wa mpakani. Pale pale nilijua kwamba nimevushwa kwa njia ya panya, na kwamba huku ninakokwenda hakuna anayejua kuwa nipo."

Mto ule unaitwa Moei. Upande mmoja ni Thailand, katika wilaya ya Mae Sot. Upande wa pili ni Myanmar, nchi ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Burma, katika mji wa Myawaddy. Kuna madaraja mawili ya halali kati ya miji hiyo, na malori hupita kama yanavyopita hapa kwetu. Lakini tangu jeshi la Myanmar lilipoipindua serikali Februari 1, 2021, nchi imeingia vitani, na sehemu za mpaka huo ziko mikononi mwa makundi yenye silaha. Huko magenge ya wahalifu yamejenga majengo marefu yaliyozungushiwa kuta na seng'enge, mithili ya miji midogo. Mawili yaliyojulikana zaidi ni KK Park na Shwe Kokko. Ndani yake watu hulazimishwa kukaa mbele ya kompyuta na simu, wakijifanya wapenzi au wafanyabiashara, na kuwalaghai watu wa nchi za mbali hadi wamalize akiba zao.

Msidhani kwamba hayo ni ya watu wachache. Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 huenda wanashikiliwa Myanmar kwa kazi hiyo, na takriban 100,000 wengine Kambodia. Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya imekuwa ikitoa tahadhari tangu 2022 kuhusu kazi za uongo za Thailand. Tahadhari hizo zilikuwa zikisomwa redioni, na redio tunayo. Hatukuzisikia kwa sababu tulidhani zinawahusu watoto wa wengine.

Siku ya kumi na nane simu ililia. Alikuwa yeye, lakini akizungumza kama mtu anayesomea karatasi. Alisema anadaiwa gharama za safari, na kwamba akilipiwa ataachiliwa. Tulimwomba aseme jambo la nyumbani, simu ikakatwa. Tuliitisha kikao cha familia, tukauza mashua aliyoitengeneza baba kwa mikono yake, ile iliyotulisha kwa miaka ishirini na kitu. Fedha tulizituma kwa njia tuliyoelekezwa. Kijana hakurudi. Baadaye tulijua kwamba wale waliozipokea walimuuza kwa genge jingine ndani ya eneo lile lile.

Basi tukaenda kwenye ofisi za serikali, jambo ambalo lingekuwa la kwanza. Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu wa adabu. Alichukua kalamu, akauliza: jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti? Nambari ya pasipoti? Tarehe ya kuondoka? Ndege gani? Jina la wakala na nambari yake? Jina la mwajiri? Mara ya mwisho alikuwa wapi?

Tulitazamana. Tuliyemlea kwa mikono yetu hatukuweza kumjazia hata nusu ya karatasi moja. Tulikuwa na picha yake ya Idi, amevaa kanzu nyeupe, basi.

Aliyetuokoa ni kijana wa duka la fotokopi mjini Busia. Mwanetu alikuwa amepeleka pasipoti yake pale kutoa nakala, na kompyuta ya duka ilikuwa bado imeihifadhi. Kwa nakala hiyo tuliweza kuandika kwa Ubalozi wa Kenya ulioko Bangkok, na jina lake likaingia kwenye orodha ya wanaotafutwa. Kila tunapokwenda Busia hupita dukani kwake kumsalimu, na yeye hushangaa kwa nini tunamshukuru sana kwa jambo dogo hivyo.

Miezi ikapita. Aliyoyapata ndani hatutayaeleza yote, kwa kumhifadhia heshima yake. Walifanya kazi usiku ili waendane na mchana wa nchi za mbali. Asiyefikisha kiwango alichopangiwa alipigwa au kunyimwa chakula. Pasipoti zilichukuliwa siku ya kwanza. Alikuwa akiswali kwa ishara ya macho, ameketi kwenye kiti.

Mwanzoni mwa 2025 dunia ilianza kuutazama mpaka ule. Januari mwigizaji mmoja wa Uchina, Wang Xing, aliitwa Bangkok kwa kazi ya filamu, akachukuliwa hadi Mae Sot na kuvushwa. Kisa chake kilivuma, akapatikana baada ya siku chache. Februari 5 Thailand iliyakatia umeme, mafuta na intaneti maeneo yale ya ng'ambo. Wiki moja baadaye kundi moja lenye silaha lilikabidhi Thailand watu wapatao 260 kutoka nchi takriban 20. Wengi wao walikuwa Waethiopia, na Wakenya walikuwamo. Wengine waliotolewa kwenye majengo baada ya hapo walibaki upande wa Myanmar kwa wiki nyingi, wakingoja nchi zao ziwapokee. Mwanetu alikuwa katika hao. Ramadhani ya 1446 aliifunga katika kambi ya kungojea, akifuturu kwa maji na wali. Alirudi nyumbani baada ya Idi ya mfungo mosi.

Tuliyedhani tutamkumbatia kwa furaha alishuka garini akiwa mwembamba, na jambo la kwanza alilotuuliza ni hili: "Mashua iko wapi?" Tulipomwambia, alikaa chini kwenye mchanga.

Kuna mzigo mwingine aliorudi nao, nao ndio mzito zaidi. Alikuwa ameandikiana kwa wiki sita na mama mmoja mjane wa nchi ya mbali, akilazimishwa kujifanya mtu mwingine, na mama yule akatoa fedha. Alimwendea sheikh wetu akamuuliza kama Mwenyezi Mungu atamsamehe. Sheikh alimfahamisha kwamba dini yetu inatofautisha aliyefanya kwa hiari na aliyelazimishwa kwa kupigwa na kutishwa, akamtaka azidishe istighfari na amwombee mama yule kheri. Hata hivyo usiku humsikia akitembea uani. Mtaani wapo waliomwita mwizi. Tunawaomba, enyi wasomaji wetu, mkiwa na kijana wa namna hii mtaani kwenu, msimuulize ameleta nini. Mpeni chai.

Ingekuwa kisa kimeishia hapo tusingeandika. Tumeandika kwa sababu ya binti yetu.

Miezi michache iliyopita binti wa mmoja wetu, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, alionyeshwa nafasi ya kazi ya hoteli katika nchi ile ile ya Thailand. Safari hii wakala alikuwa mwanamke, mpole wa maneno, anayesema inshallah kila baada ya sentensi. Binti alilia kwa furaha. Sisi tulitetemeka. Lakini tuliapa kutomkataza kwa hofu tupu, kwa kuwa kijana anayekatazwa bila ya sababu huondoka usiku. Tulinunua daftari la shule, tukaketi sote jamvini, na binamu yake aliyerudi ndiye aliyeshika kalamu.

Swali la kwanza aliloandika ni: wakala huyu amesajiliwa? Kenya kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo huweka orodha ya mawakala wa kibinafsi walioruhusiwa kupeleka wafanyakazi nje. Asiyekuwamo hana ruhusa, hata akiwa na ofisi yenye zulia.

La pili: viza ni ya aina gani? Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi Thailand. Mfanyakazi huhitaji viza ya kazi na kibali cha kazi. Anayekwambia uingie kwa viza ya matembezi kisha mambo yatatengenezwa huko huko, anakutia katika kosa kabla hujapata hata pahala pa kulala, na ukikosea sheria utaogopa kwenda polisi. Hicho ndicho anachokitaka.

La tatu: mkataba uko wapi, na jina la hoteli ni lipi? Hoteli ya kweli ina simu inayojibiwa. Ubalozi unaweza kuulizwa.

La nne: njia ni ipi, na kwa nini hiyo? Ukiambiwa uzunguke nchi ya tatu ili usiulizwe maswali, jua kwamba maswali yale yamewekwa kwa ajili ya kukulinda wewe.

La tano: nani atampokea, na kutoka uwanjani hadi kazini ni mwendo gani? Binamu yake alisisitiza hapa. Gari likivuka saa mbili nje ya mji ulioambiwa, sema unaumwa, omba kushuka penye watu, kwenye kituo cha mafuta au dukani, na usirudi garini. Thailand polisi wa watalii hupigiwa 1155, na nambari ya dharura ya polisi ni 191.

La sita lilihusu mizigo, na hili twalielekeza kwa wanawake hasa. Fungasha sanduku lako mwenyewe, na usipokee la mtu, hata likiwa zawadi ya mgonjwa. Machi 2025 mahakama ya Vietnam ilimhukumu mwanamke wa Kenya adhabu ya kifo, baada ya kukutwa na zaidi ya kilo mbili za kokeni katika sanduku mwaka 2023. Nchi kadhaa za upande ule sheria zao za dawa za kulevya hazina huruma, na kusema "nilipewa" hakufuti kilichokutwa mkononi.

La saba na la mwisho tuliliandika sisi wazee, nalo latuhusu sisi tunaobaki. Nyumbani pabaki nakala ya pasipoti, ya viza, ya tiketi na ya mkataba, pamoja na picha ya wakala na nambari zake zote. Msafiri na watu wake wapange saa ya kupigiana kila siku kwa mwezi wa kwanza, na neno la siri ambalo akilitaja tujue kwamba anazungumza huku ameshikiwa fimbo. Sisi tumechagua jina la samaki. Na pasipoti haikabidhiwi mwajiri kwa kuihifadhi. Akiitaka, apewe nakala.

Hatuandiki haya kuisingizia nchi ya watu. Thailand hupokea mamilioni ya wageni kila mwaka, nao hurudi makwao salama. Kusini mwake, katika Pattani, Yala na Narathiwat, Waislamu ndio wengi, na Bangkok kwenyewe kuna misikiti ya siku nyingi na chakula cha halali. Mwanetu mwenyewe anasema mkono wa kwanza uliompa maji baada ya kutoka ulikuwa wa mama wa Kithai. Hatari tuliyoieleza huanzia kwenye simu, hapa hapa kwetu, kabla ya mtu hajaona ndege. Wala haijakwisha: Oktoba 2025 jeshi la Myanmar liliivamia KK Park, na watu zaidi ya 1,500 wakakimbilia Thailand, lakini magenge hujenga tena mahali pengine. Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Sheria ni kali, ila haimshiki mtu ambaye jina lake hakuna aliyeliandika.

Tulimpelekea wakala yule maswali yetu kwa adabu. Siku ya kwanza alijibu swali moja. Siku ya pili alisema familia yenu ina dharau. Siku ya tatu alisema nafasi imejaa, na tangu hapo hapokei simu.

Binti yetu alikaa siku nne bila ya kusema nasi. Siku ya tano alituuliza, "Na kama ilikuwa kazi ya kweli?" Hatukuwa na jibu. Huenda ilikuwa ya kweli. Tulimwambia kwamba lawama hiyo tumeikubali, na kwamba tutaibeba sisi, kwa kuwa tulishawahi kubeba ile nyingine. Sasa anashona madera nyumbani, na jina lake liko kwa wakala aliyesajiliwa; mkataba ukija tutausoma pamoja. Hajacheka nasi kama zamani. Twaomba Mola amlainishe moyo, na atupe na sisi subira.

Wengi wenu mnakikumbuka kisa cha yule Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa kudai kwamba anamtegemea Mwenyezi Mungu, na Mtume wetu (S.A.W.) akamwelekeza amfunge kwanza. Sisi tulikuwa tunakisimulia kwa watoto kila mara. Siku mwanetu alipoondoka tulisoma dua, nayo ni haki yake, lakini kamba hatukuifunga. Mtoto yule alikuwa yatima na amana mikononi mwetu, na tutaulizwa juu yake.

Hapa Sio Port mvuvi haingii ziwani kabla ya kumwambia mtu wa ufukoni anaelekea wapi na anatarajia kurudi lini. Asiporudi, wenzake hujua upande wa kumtafuta. Mwanetu hufanya kazi siku hizi kwenye mashua ya watu. Alfajiri, kabla ya kutoka, hugonga dirisha letu akasema, "Leo ni upande wa Majanji, mama, baada ya adhuhuri." Hapo awali tulikuwa tukimjibu tungali usingizini. Sasa tunaamka, tunawasha taa, tunaandika kwenye daftari.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, wa majini na wa angani, awarudishe waliobaki mikononi mwa madhalimu, na awape mama zao nguvu ya kuuliza. Amin.

Wassalaamu alaykum.